Tunawachagulia Nini Wasiochagua?

Mhadhara wa wazi kuhusu mipangilio ya awali katika ujenzi wa programu



Tarehe 7 Aprili 2014, wasimamizi wa OpenSSL walitoa tangazo fupi lililowakosesha usingizi wenye seva dunia nzima. OpenSSL ni maktaba ya usimbaji fiche. Sehemu kubwa ya tovuti zinazoonyesha alama ya kufuli kwenye kivinjari zilikuwa zikiitegemea. Kasoro yenyewe ikapewa jina la Heartbleed, na wengi wenu mmeisoma darasani kama mfano wa hatari za lugha ya C. Mteja anatuma ujumbe wenye herufi moja, anadai kwamba urefu wake ni baiti elfu sitini na kitu, na seva, bila kuhakiki, inamrudishia kipande cha kumbukumbu yake cha hadi kilobaiti 64. Ndani ya kipande hicho mlikuwa na nywila za watu, na pengine ufunguo wa siri wa seva yenyewe.

Hayo yote ni kweli. Ila leo nawaombeni tuangalie mstari mmoja ulio karibu na mwisho wa tangazo lile. Unasema kwamba asiyeweza kuhamia toleo jipya mara moja, basi aijenge upya OpenSSL kwa kuongeza swichi -DOPENSSL_NO_HEARTBEATS.

Swichi moja tu. Kumbe kipengele kilichokuwa kikivuja kilikuwa cha hiari, na mlango wa kukizima ulikuwepo. Kazi ya kipengele hicho ilikuwa kuuliza upande wa pili wa mawasiliano kama bado upo, na faida yake kubwa ilikuwa kwenye DTLS, itifaki inayopita juu ya UDP, ambako huna namna nyingine nyepesi ya kujua kama mwenzako ameshaondoka. Tovuti ya kawaida hutumia TLS juu ya TCP, na TCP ina utaratibu wake wa kujuliana hali. Kwa hiyo benki, hospitali na magazeti yaliyovujisha kumbukumbu zao hayakuwa na haja na kitu hicho. Walikuwa nacho kwa sababu moja: toleo 1.0.1, lililotoka Machi 2012, lilikuwa likijengwa bila swichi yoyote, kipengele kinakuwa kimewashwa. Miaka miwili ikapita hivyo. Toleo 1.1.0 lilipotoka Agosti 2016, upande wa TLS kipengele kikafutwa kabisa, na upande wa DTLS kikaachwa kimezimwa mpaka mjenzi mwenyewe akiombe kwa kuandika enable-heartbeats. Sijapata kumsikia mwenye tovuti akilalamika kwamba amenyang'anywa kitu.

Aliyesahau kuhakiki urefu wa ujumbe alifanya kosa ambalo mwanadamu yeyote hulifanya. Aliyeamua kwamba kipengele kiwashwe kwa kila mtu, yeye hakukosea hata herufi moja ya msimbo. Msimbo wake ungepita ukaguzi wowote. Na bado, uamuzi wake ndio uliogeuza kosa la wachache kuwa janga la wote. Habari ya uamuzi wa namna hiyo ndiyo iliyonileta hapa.

Kila programu inayojengwa kutoka kwenye msimbo ina maswali kadhaa ambayo lazima yajibiwe kabla kompaila haijaanza kazi. Iboreshwe kwa kasi au iachwe wazi ili iwe rahisi kuchunguzwa? Ijengewe prosesa ipi? Iwe na vipengele gani? Iwekwe kwenye saraka gani? Mjenzi akikaa kimya, mtu mwingine ameshajibu kwa niaba yake, na jibu hilo ndilo tunaloliita chaguo-msingi. Wengi hudhani ni jambo la kuandikwa mwisho, wakati kazi imekwisha na watu wamechoka. Mimi nadai kwamba hiyo ndiyo sehemu ya programu inayotumiwa na watu wengi kuliko nyingine zote, kwa kuwa wanaoisoma orodha ya swichi ni wachache sana.

Chukueni CMake. Ilianza mwaka 2000 katika kampuni ya Kitware, Marekani, kwa ajili ya mradi wa kuchakata picha za kitabibu, na leo ndiyo inayoongoza ujenzi wa sehemu kubwa ya programu za C++. Mwanafunzi anafungua terminali, anaandika cmake na njia ya mradi, kisha anaandika make, anasubiri. Hakuna onyo lolote, hakuna mstari mwekundu. Programu inatoka, inafanya kazi, majibu ni sahihi. Tatizo ni kwamba hakutaja CMAKE_BUILD_TYPE. Ukiachwa wazi ukiwa kwenye Linux na Makefile za kawaida, uwanja huo unabaki mtupu. CMake haiipi kompaila swichi ya uboreshaji, wala haiiambii iweke taarifa za uchunguzi. Kompaila yenyewe, GCC, isipoambiwa kitu, haiboreshi chochote. Anachopata mwanafunzi ni programu nzito kama ya majaribio, lakini haichunguziki kama ya majaribio. Ni mchanganyiko ambao hakuna mtu mwenye akili timamu angeuomba kwa mdomo wake. Lau angeandika Release angepata -O3. Angeandika Debug angepata -g. Kimya chake kimempatia hasara za pande zote mbili.

Nimewaona watu wakinunua seva kubwa zaidi kwa ajili ya programu iliyojengwa namna hii. Hesabu zao zilikuwa sahihi kabisa: programu ni nzito, basi tuongeze prosesa. Hakuna aliyewaambia kwamba kulikuwa na swali ambalo halijajibiwa.

Linganisheni na wazee wa Autoconf, chombo cha kutengenezea hati za usanidi. Mtu akiendesha ./configure bila kusema lolote, na kompaila ikiwa ni GCC, anapata -g na -O2: kasi ya kutosha pamoja na taarifa za kuchunguzia hitilafu. Ni jibu la miaka mingi na sidhani kama kuna aliyelitunga akitafuta sifa, ila linamtosha karibu kila mtu. Cargo, chombo cha kujengea programu za lugha ya Rust, kimechukua njia nyingine. Ukiandika cargo build peke yake unapata programu ya majaribio isiyoboreshwa, ambayo pia husimama nambari inapofurika nje ya mipaka yake. Kuna wanaoliona hilo kuwa chaguo baya kwa mgeni. Mimi nalitetea, kwa sababu kila ujenzi unapokamilika Cargo huandika kwenye skrini kwamba umetumia wasifu wa dev na kwamba programu haijaboreshwa. Anayelalamika kwamba programu yake ya Rust inakwenda polepole ana jibu mbele ya macho yake, kwenye mstari wa mwisho kabisa. CMake inajua habari ileile na haisemi.

Halafu kuna LLVM, mradi wa zana za kompaila unaojengwa kwa CMake hiyohiyo. Zamani, ukinyamaza, ulijengewa Debug: makumi ya gigabaiti ya diski, na kompyuta ya mkononi inayounguruma hadi usiku wa manane. Wenye mradi wakabadili. Sasa ukinyamaza, usanidi unasimama palepale na kukutaka utaje aina ya ujenzi. Kukataa kuchagua nako ni chaguo-msingi, na pale ambapo majibu mawili yanatofautiana mno na huwezi kubahatisha mtu anataka lipi, ndilo chaguo la heshima. Lakini lisizoeleke. Programu inayomuuliza mgeni maswali kumi na tano kabla ya kujengwa imemrudishia mzigo wote mtu asiyeweza kuubeba.

Watu ambao wameufikiria mzigo huu kwa uzito kuliko wote ni wa kerneli ya Linux, na hawakuwa na hiari. Kerneli ina maswali ya usanidi zaidi ya elfu kumi. Hakuna binadamu anayeyajibu yote. Kwa hiyo mwongozo wa Kconfig, lugha wanayotumia kuyaandika maswali hayo, umeweka kanuni ambayo ningependa ibandikwe ukutani katika kila ofisi ya waandishi wa programu: jibu la kila swali jipya ni hapana. Lengo ni kwamba mtu anayehama kutoka toleo moja kwenda jingine kwa make oldconfig aongezewe vitu vichache kadiri inavyowezekana. Kuna vibali vichache. Kitu ambacho zamani kilikuwa kikijengwa siku zote, na sasa kimewekewa swali, kinaweza kubaki ndiyo, ili mtu asiamke na kukuta kimetoweka. Swali ambalo kazi yake ni kufungua au kuficha maswali mengine tu, nalo linaweza kuwa ndiyo. Na vile ambavyo kila mtu anatarajia kuvikuta, kama mtandao na diski.

Tazameni nani ananyimwa kura hapo: mwandishi wa kipengele kipya. Yeye amekaa na kazi yake miezi sita, anaiona nzuri, anaona dunia nzima itafaidika. Kila mwandishi wa kipengele anaona hivyo. Tukimwachia kila mmoja aseme ndiyo kwa niaba ya wote, kerneli itavimba kwa vitu ambavyo kila kimoja kina shabiki mmoja. Laiti OpenSSL ingekuwa na kanuni hii mwaka 2012, kipengele kile kingebaki kimezimwa kwenye seva nyingi mno.

Kanuni hiyo inambana hata mwenye nyumba. Septemba 2021, Linus Torvalds mwenyewe, alipokuwa akiandaa toleo 5.15, aliamua kwamba kila onyo la kompaila lihesabiwe kuwa kosa katika ujenzi wote wa kerneli. Nia yake njema iko wazi: maonyo yalikuwa yakipuuzwa na yeye alikuwa amechoka. Lakini kompaila ziko nyingi na matoleo yake ni mengi. Kila mojawapo ina malalamiko yake. Ujenzi wa watu wasiohusika kabisa ukaanza kukatika. Siku chache baadaye chaguo-msingi likarekebishwa: ukali ubaki ndiyo kwa wale tu waliotangaza kwamba wanajenga kwa ajili ya kupima. Kwa maoni yangu hapo ndipo mahali pake hasa. Mwandishi wa programu anapaswa kuadhibiwa na maonyo yake mwenyewe. Anayeijenga miaka mitatu baadaye, kwa kompaila ambayo wakati huo haikuwepo, hana kosa lolote.

Nimetaja kompaila, na hapa pana jambo linalowachanganya hata wenye uzoefu. Mtu husema "natumia GCC" kana kwamba amesema jambo moja. Agiza chai Nairobi bila maelezo, utaletewa ya maziwa. Iagize Dar es Salaam, huenda ukaletewa ya rangi, na wote wawili waliokuhudumia wamekupa chai. GCC iliyojengwa moja kwa moja kutoka kwenye msimbo wake si lazima itoe programu inayoweza kupakiwa mahali popote kwenye kumbukumbu, ulinzi unaomfanya mshambuliaji ashindwe kukisia msimbo umekaa wapi. Ubuntu waliuwasha kwa prosesa za kawaida za biti 64 katika toleo 16.10, na Debian wakaufanya kuwa desturi katika toleo la 9 la mwaka 2017. Jina la kompaila ni lilelile, na amri inayoandikwa ni ileile. Kati ya mwandishi wa GCC na mwanafunzi anayeandika amri amesimama mtu wa tatu, mfungashaji wa mfumo, na yeye ndiye aliyeamua kuhusu usalama wa programu hiyo. Nawashukuru wafungashaji. Kazi yao haiimbwi.

Nije kwenye tabia ambayo naiona mbaya kuliko zote: kubahatisha kimyakimya. Hati nyingi za usanidi hufanya hivi. Zinaandika programu ndogo ya majaribio, zinaijaribu kwenye kompaila, na ikikubali, kipengele fulani kinawashwa. Ikikataa, kinazimwa na safari inaendelea bila neno. Utaratibu huu una manufaa, maana ndio unaoziwezesha programu kujengwa kwenye mifumo ya kila aina. Lakini kompaila inaweza kukataa kwa sababu mia, na hati haijui ni ipi.

Machi 2024 Andres Freund, mhandisi wa hifadhidata, aligundua kwamba kuingia kwenye seva kwa SSH kulikuwa kukichelewa kwa takriban nusu sekunde. Akafuatilia, akakuta mlango wa siri ndani ya xz, programu ya kubana mafaili inayokuja na karibu kila Linux. Habari hiyo mnaijua. Isiyosemwa sana ni hujuma ndogo iliyokutwa pembeni yake. Mwezi uliotangulia, mtu aliyeuweka mlango huo, aliyejificha nyuma ya jina la Jia Tan, alibadili jaribio linalopima kama mfumo una Landlock, ulinzi wa kerneli unaoifungia programu isiguse mafaili yasiyoihusu. Ndani ya programu ndogo ya majaribio, kwenye faili la CMake, aliweka nukta. Nukta moja, peke yake kwenye mstari wake, mahali ambapo jicho linapita bila kusita. Kwa nukta hiyo programu ndogo haikuweza kukubaliwa na kompaila yoyote duniani. Jaribio likawa linashindwa siku zote, ulinzi ukawa unazimwa siku zote, na ujenzi ukawa unakamilika vizuri siku zote. Tarehe 30 Machi mwenye mradi, Lasse Collin, aliiondoa.

Adui yule hakuhitaji kuvunja ulinzi. Alitegemea kwamba hati ya usanidi ikikosa kitu itanyamaza, na hilo lilikuwa jambo la kutegemewa. Dawa yake inajulikana. Chombo cha ujenzi cha Meson, kwa mfano, huruhusu kila kipengele kiwe na hali tatu: kimetakiwa, kimekataliwa, au chombo kiangalie chenyewe, na mfungashaji anaweza kuigeuza hali hiyo ya tatu kwa vipengele vyote kwa pamoja. Kilichotakiwa kikikosekana, ujenzi unasimama. Kwa kitu chochote kinachohusu usalama, hali ya tatu isiwepo.

Sasa tuje nyumbani, kwa sababu chaguo-msingi lililofanywa mbali lina mtu wa kulilipia hapa. Kwa miaka mingi, mradi mpya wa Android ulikuja na mstari unaosema kwamba hata toleo la kwenda kwa wateja lisipunguzwe: msimbo usiotumika ubaki ndani. Ilikuwa busara kwa mwandishi, maana upunguzaji ukikosewa huivunja programu kwa njia za ajabu. Lakini anayepakua ni mtu mwenye bando la siku, na megabaiti zile za ziada analipa yeye. Mwandishi yuko kwenye intaneti ya ofisini. Hajawahi kuziona.

Au prosesa. Kuna swichi ya GCC, -march=native, inayoiambia kompaila itumie kila uwezo wa mashine ambako ujenzi unafanyika. Kwenye mashine yako ni nzuri sana. Ukiiweka iwe chaguo-msingi la mradi, halafu ukamgawia jirani programu iliyokwisha kujengwa, kwake inaweza kufa papo hapo ikisema agizo halieleweki. Mifumo mizima nayo inapanda ngazi: Red Hat Enterprise Linux 10, ya mwaka 2025, inataka prosesa zenye uwezo ulioletwa na Intel mwaka 2013. Miaka kumi na miwili, mtasema, inatosha. Lakini Intel iliendelea kwa miaka mingi baada ya hapo kuuza Celeron na Pentium zisizo na uwezo huo, na hizo ndizo zilizomo kwenye kompyuta nyingi za bei nafuu, mpya na za mitumba, ambazo wanafunzi wetu wanazitumia. Red Hat wana wateja wao na hesabu zao, siwalaumu. Nyinyi mnaowaandikia wakulima na wauguzi, hesabu zenu ni nyingine.

Je, chaguo-msingi baya likishakaa, linaondoka? Linaondoka kwa shida. Kiwango cha lugha ya C cha mwaka 1999 kilifuta ruhusa ya kuita kazi ambayo haijatangazwa. GCC iliendelea kuikubali, kwanza kimya, baadaye kwa onyo, na ilikuwa Mei 2024, katika toleo la 14, ndipo ilipoigeuza kuwa kosa. Robo karne. Katika muda huo maelfu ya programu zilikuwa zimejengwa juu ya uvumilivu ule, na watu wa Fedora na wenzao walilazimika kuzipitia mojamoja kabla mlango haujafungwa. Nyingi kati ya hizo ni hati zilezile za usanidi nilizozitaja: jaribio lililoandikwa ovyo lingekataliwa na kompaila mpya, na kipengele kingezimika kimya.

Ndiyo maana nasema siku ya kwanza ya mradi ni ya thamani kubwa. Siku hiyo hakuna anayekutegemea, na unaweza kubadili jibu bila kumuumiza mtu.

Wanafunzi, mnapokaribia kukabidhi miradi yenu, tafuteni kompyuta ambayo haijawahi kuuona mradi huo, isiwe ya kifahari. Andikeni amri fupi kuliko zote iliyomo kwenye maelezo yenu, bila swichi hata moja, kisha someni kilichoandikwa kwenye skrini: kimejengwa nini, kwa uboreshaji gani, kipi kimewashwa na kipi kimeachwa. Kama skrini haisemi, kazi haijakwisha. Na nyinyi wahadhiri mnaosahihisha, nawaombeni muijenge kazi ya mwanafunzi kwa amri hiyohiyo fupi, na mtoe alama kwa kile kilichotoka.